Mwenzako darasani hataki sifa, anataka jicho lako

Huenda unaye mwana, binti au jirani aliyekwenda Marekani kwa masomo. Harambee ilifanywa, nauli ikapatikana, na ukoo mzima ukamsindikiza hadi uwanja wa ndege ukiamini kwamba kijana anakwenda kushindana na hesabu, kompyuta au uuguzi. Ni wachache waliojua kwamba kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika, kijana huyo angeketi na kitabu cha hadithi za Wamarekani mkononi, akitakiwa kueleza hadithi hiyo imemgusa vipi.

Vyuo vingi vya Marekani humtaka kila mwanafunzi, awe wa uhandisi au wa biashara, apitie masomo kadhaa ya jumla kabla ya kuzama katika taaluma yake. Fasihi ni mojawapo ya masomo hayo. Mhadhiri hugawa hadithi fupi, shairi au sura ya riwaya, na kila mmoja huandika karatasi ya maoni ya ukurasa mmoja au miwili. Hilo si jambo la kumtisha aliyepita katika shule zetu. Kibarua kipo katika hatua ya pili. Unapewa karatasi ya mwenzako uisome, kisha umwandikie ukimweleza umeyaonaje maoni yake. Mara nyingi jibu lako hilo nalo hutiwa alama.

Je, utamwambia nini?

MGEMA AKISIFIWA

Wengi wetu hatukufunzwa kazi hii. Daftari la mwenzako tulilifungua kwa sababu mbili: kunakili yale ambayo mwalimu aliyafuta ubaoni kabla hatujamaliza kuandika, au kumsahihishia hesabu kwa majibu aliyoyasoma mwalimu mbele ya darasa. Maoni juu ya kitabu yalitoka kwa mwalimu, au katika mwongozo ulionunuliwa dukani na kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani. Anayetoka katika malezi hayo hufuata mojawapo ya njia mbili, na hakuna inayomfikisha.

Njia ya kwanza ni ya sifa. "Kazi nzuri. Nimeyapenda maoni yako. Endelea hivyo hivyo." Haya ni maneno ya adabu na hayamuudhi mtu. Lakini hebu yasome tena, msomaji. Yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hakuifungua karatasi yenyewe. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mwenzako akiambiwa kila wiki kwamba kazi yake ni nzuri, ya nini ahangaike kuisoma hadithi mara ya pili?

Njia ya pili ni ya kalamu nyekundu. Anayeifuata hugeuka mwalimu bila kuajiriwa. Atapiga mstari chini ya kila kosa la tahajia, ataandika "si kweli" pembeni, na mwishoni atamweleza mwenzake maana "sahihi" ya hadithi. Aliyeandikiwa hivyo hujifunza jambo moja tu: kwamba siku nyingine asithubutu kusema lililo moyoni.

Njia hizi hutofautiana kwa sura, lakini kasoro yake ni moja. Yote mawili, sifa na kalamu nyekundu, hutolewa na mtu ambaye hakumsikiliza mwenzake.

YALIKOANZIA

Si kwamba wahadhiri wa Marekani wamechoka kusahihisha, ndipo wakawatwika wanafunzi kazi yao. Desturi hii ina historia.

Mwaka wa 1938 mwalimu mmoja wa fasihi, Louise Rosenblatt, alichapisha kitabu kiitwacho Literature as Exploration. Alishikilia kwamba maana ya hadithi haikai kitabuni peke yake ikingoja kuchotwa, bali huzaliwa msomaji anapokutana na maandishi. Mjane na bwana harusi wakisoma hadithi moja ya ndoa, kila mmoja ataijia na yaliyomo moyoni mwake. Hata hivyo, Rosenblatt hakusema kwamba kila mtu aseme apendavyo. Alisisitiza kwamba msomaji arudi kwenye maandishi aone kama yanakubaliana na anayoyadai. Maadamu kila mmoja ana macho yake, kuna faida kubwa kuazimana macho hayo.

Kisha mwaka wa 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa kila aliyemaliza shule ya sekondari jijini humo. Vijana wengi waliingia bila maandalizi ya kutosha. Kenneth Bruffee, aliyefunza katika Chuo cha Brooklyn, alieleza katika makala yake ya mwaka wa 1984 kwamba vijana wengi waliohitaji msaada waliukataa ulipotoka kwa wakubwa. Ulipotoka kwa wanafunzi wenzao, waliupokea. Naye Peter Elbow, katika kitabu chake Writing Without Teachers cha mwaka wa 1973, alitoa ushauri ambao ungali unafaa: usimhukumu aliyeandika, bali mweleze yaliyopita akilini mwako ulipokuwa ukisoma. Ulivutiwa wapi? Ulipotea wapi? Ulichoka wapi? Aidha, alipendekeza kwamba kabla ya kutilia shaka wazo la mtu, kwanza ujaribu kuliamini kwa dhati uone linakupeleka wapi.

MAMA, BINTI WAWILI NA MATANDIKO

Tuchukue hadithi moja ambayo husomwa sana katika madarasa hayo, ili jambo lenyewe lionekane. Ni hadithi fupi ya Alice Walker iitwayo Everyday Use, iliyochapishwa mwaka wa 1973.

Mama mmoja Mweusi wa mashambani ana binti wawili. Maggie amebaki nyumbani, na mwilini ana makovu ya moto uliounguza nyumba yao ya zamani. Dee amesoma. Mama pamoja na kanisa ndio waliochanga pesa za kumpeleka shule mjini Augusta. Siku moja Dee anakuja kuwatembelea, na jina lake si Dee tena. Sasa anaitwa Wangero. Anataka matandiko mawili ya viraka yaliyoshonwa kwa mikono kutokana na nguo kuukuu za babu na nyanya, kikiwemo kiraka kidogo cha sare ambayo babu mkubwa aliivaa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya miaka ya 1861 hadi 1865. Dee anataka kuyatundika ukutani kama pambo. Lakini mama alikuwa amemwahidi Maggie matandiko hayo siku atakapoolewa, ayatumie kitandani. Maggie yuko tayari kuyaachilia. Mama anayanyakua mikononi mwa Dee na kumpa Maggie.

Sasa tuseme mwenzako ameandika hivi: "Dee ni mbinafsi. Amesoma akaanza kuwadharau watu wake. Mama alifanya vyema kumnyima."

Mpenda sifa atamwambia amesema kweli tupu. Mwenye kalamu nyekundu atamwambia hakuielewa hadithi. Linganisha na jibu hili:

"Ulipoandika kwamba Dee anawadharau, ulinifanya nirudi mwanzo wa hadithi, na kweli nikaona jinsi mama anavyomngoja kwa wasiwasi. Lakini nilisita uliposema ni mbinafsi tu. Mama mwenyewe anatueleza kwamba kanisa lilisaidia kuchanga pesa za karo. Nami nilichangiwa na kijiji. Najua mtu anaweza kurudi nyumbani akaviona vitu vya zamani kwa macho mapya bila kukusudia ubaya. Unadhani tungemwonaje Dee kama yeye ndiye angetusimulia?"

Jibu hilo halizidi sentensi sita, lakini limefanya kazi nne. Limeonyesha kwamba karatasi ya mwenzake imesomwa. Limetaja mahali hasa katika hadithi. Limeleta jambo moja kutoka katika maisha ya anayejibu, bila kugeuka tawasifu. Mwisho, limeuliza swali ambalo anayeuliza mwenyewe hana jibu lake mfukoni. Mwenzake akilisoma atarudi kitabuni, na hapo ndipo tulipotaka afike.

Tazama pia jambo jingine, msomaji. Mwana wa harambee hawezi kuisoma hadithi hii kama mtazamaji wa mbali. Dee ni yeye, au anaweza kuwa yeye. Akinyamaza na kuandika "kazi nzuri", darasa zima limekosa kitu ambacho hakuna mwingine ambaye angewapa.

JINA LA WANGERO

Kuna jambo ambalo Mkenya ataligundua upesi kuliko wenzake. Jina la Wangero linasikika kama la Kikuyu, lakini limepinda kidogo, na wapo wahakiki ambao wamelieleza kuwa ni Wanjiru lililoharibika. Majina mengine mawili anayojipa Dee ni Leewanika na Kemanjo. La kwanza linakaribia jina la Lewanika, mfalme wa Walozi wa Zambia. Isitoshe, Dee anapofika anamsalimu mamake kwa Kiganda, ile salamu ya kumuuliza mtu amelalaje. Jirani yetu wa Uganda angeitambua hata kwa tahajia ya ajabu iliyoandikwa nayo.

Kwa hivyo Dee ameokota Afrika vipande vipande, hapa jina na pale salamu, kama mtu anayenunua vinyago vya watalii. Papo hapo analitupa jina la Dee, ambalo mama anasema limerithiwa kutoka kwa shangazi na nyanya vizazi kadhaa nyuma. Mtu aliyelelewa kwa mila za Wakikuyu, ambapo binti wa kwanza huitwa jina la nyanya mzaa baba na wa pili la nyanya mzaa mama, ataona kinaya hapo. Katika kulitafuta jina la Kiafrika, Dee ameitupa desturi ambayo Waafrika wengi wangeitambua kuwa yao.

Hii ni zawadi kubwa kwa mwenzako ambaye hajawahi kumsikia Mkikuyu wala Mganda akitajwa. Lakini zawadi hutolewa kwa mikono miwili. Ukiandika, "Mimi Mwafrika, nyinyi hamwezi kuelewa hadithi hii," umeifunga milango yote. Jaribu hivi: "Jina hili lanishangaza. Kwetu kuna jina linalofanana nalo, lakini haliandikwi hivi. Unafikiri kosa ni la Dee au la mwandishi? Na je, jibu likibadilika, maoni yako juu ya Dee yatabadilika?" Hapo umempa ujuzi, na wakati huo huo umemwachia kazi ya kufikiri.

USIGEUKE BALOZI

Fauka ya hayo, kuna hatari inayomkabili kijana wetu katika darasa la fasihi ya Marekani. Hadithi nyingi za nchi hiyo zimebeba utumwa, ubaguzi na vita vya rangi. Riwaya ya Mark Twain juu ya Huckleberry Finn, iliyotoka Marekani mwaka wa 1885, ina neno la kuwatusi Weusi zaidi ya mara 200. Mwanafunzi mmoja anaweza kuandika kwamba riwaya hiyo inaupinga utumwa. Mwingine, pengine msichana Mweusi ambaye mababu zake walikuwa watumwa, anaweza kuandika kwamba kila neno hilo lilipotajwa darasani alitamani kutoka.

Mkenya akipewa karatasi ya msichana huyo, afanyeje? Asimwambie kwamba anakuza mambo, wala asidai kwamba kwa kuwa wana rangi moja basi anayajua maumivu yake. Historia yetu ya ukoloni ni nzito, lakini si ile ile. La busara ni kumwambia alichojifunza kwake: kwamba yeye aliyasoma maneno hayo kama historia ya kitabuni, na karatasi yake imemwonyesha kwamba kwa wengine historia hiyo haijakwisha. Kisha amuulize ni ukurasa upi hasa uliomfanya atake kukiweka kitabu chini.

Hali kadhalika, mhadhiri au wenzake wanaweza kumgeukia wakimuuliza "Afrika inasemaje?" Hakutumwa na Afrika. Aseme anayoyajua yeye, ya kijiji chake na ya nyumba yao. Hayo yatatosha.

MANENO HUBAKI

Pengine utasema haya ni mambo madogo ya darasani. Basi sikiliza kisa cha waandishi wawili mashuhuri Weusi.

Mwaka wa 1937 Zora Neale Hurston alichapisha riwaya yake Their Eyes Were Watching God. Richard Wright, mwandishi mwenzake, aliihakiki katika jarida la New Masses mwaka huo huo. Alisema riwaya haina wazo wala ujumbe, na kwamba mwandishi anawachekesha wasomaji Wazungu kwa kuwaigiza Weusi. Wright alitaka fasihi ya mapambano. Hakusimama kidogo kujiuliza Hurston mwenyewe alikusudia kusimulia nini, nacho kilikuwa safari ya mwanamke anayeitafuta sauti yake. Mwaka wa 1938 Hurston alilipiza. Alikihakiki kitabu cha Wright cha Uncle Tom's Children, akakilaumu kwa kujaa chuki na akaikosoa jinsi alivyoandika lafudhi ya Weusi.

Ngumi kwa ngumi, lakini ni nani aliyejifunza? Sidai kwamba tahakiki moja ndiyo iliyomwangusha Hurston. Yalikuwapo mengi. Ila riwaya hiyo ilipotea madukani, na mwaka wa 1960 mwandishi wake alifariki huko Florida akiwa fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na alama.

Aliyekwenda kulitafuta kaburi hilo mwaka wa 1973 na kuliwekea jiwe ni Alice Walker, yule yule aliyetuandikia hadithi ya matandiko. Mwaka wa 1975 alisimulia safari hiyo katika jarida la Ms., na mwaka wa 1978 riwaya ilichapishwa tena. Leo ni miongoni mwa vitabu vinavyosomwa zaidi katika madarasa ya fasihi ya Marekani. Kitabu ni kile kile. Kilichobadilika ni aina ya msomaji aliyekifungua.

UKIJIBIWA WEWE

Siku itafika ambapo karatasi yako itarudi imejaa maandishi ya mwenzako. Ushauri wa Elbow ni kwamba usianze kujitetea. Ukimkatiza mtu na kumweleza ulichokuwa na maana nacho, hutajua kamwe alichokisoma. Mshukuru, nyamaza, kisha uketi peke yako uchague. Watu watatu wakikwama mahali pamoja, pana kisiki hapo. Akikwama mmoja tu, pima mwenyewe. Karatasi ni yako, na si lazima utii kila linalosemwa. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi.

Wapo wa Afrika Mashariki waliopitia mikono ya wenzao hivi na wakafaulu. Katika miaka ya 1960 Taban lo Liyong alisomea uandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa, mahali ambapo tangu mwaka wa 1936 wanafunzi huwekeana kazi zao mezani na kuzichambua wakitazamana ana kwa ana. Aliporudi Nairobi alikuwa mmoja wa watu watatu, pamoja na Ngugi wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, walioandika mwaka wa 1968 wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Waraka huo nao ulikuwa jibu kwa wenzao, lenye hoja na mapendekezo.

SI JAMBO GENI KWETU

Mzazi, ukisikia haya usidhani mwanao anafunzwa ugeni mtupu. Waswahili wamejibizana kwa tungo tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka wa 1840, alirushiana beti na washairi wa Lamu wakati miji hiyo ilipokuwa na uhasama. Kurasa za mashairi katika magazeti yetu nazo zimejaa malenga wanaojibizana. Angalia desturi yao: aghalabu anayejibu huchukua bahari ile ile na vina vile vile vya mwenzake kabla ya kumpinga. Yaani kwanza anaonyesha kwamba amelisikia shairi, hadi mizani yake. Kisha ndipo anapotia lake.

Kijana wetu aliyeko ughaibuni akitaka kanuni moja ya kubeba darasani, aichukue hiyo. Nawe mzazi, akipiga simu Jumapili, usiulize alama pekee. Muulize amesoma hadithi gani wiki hii, mwenzake alisema nini juu yake, naye akamjibuje. Akikuambia alimjibu "kazi nzuri", mwambie arudi akaisome tena karatasi ya mwenzake.